Kabla ya Lakini

Siku hizi habari hazitafutwi, zinaletwa. Zamani nikiamka nilikuwa nawaza nianzie wapi: forodhani, sokoni au kituo cha polisi. Sasa nikiamka naangalia simu, na habari nazikuta zimeshafika, zimeoga na kuchana nywele, zinasubiri kusomwa. Wizara imetuma, shirika limetuma, kampuni imetuma. Kazi yangu katika redio yetu ya hapa Busia imebaki kuchagua ipi itangulie. Nimechoka, na sioni aibu kusema hivyo.

Aliyenichosha zaidi ni mtu ninayempenda. Tulianza pamoja redioni, tukagawana meza moja na kompyuta moja iliyokuwa ikizimika kila mvua ikinyesha. Mhariri wetu alitufundisha sote wawili kukata sauti. Usikate katikati ya neno, alikuwa akisema; ngoja mtu avute pumzi, kata hapo, na msikilizaji hatajua. Mwenzangu alishika mafunzo haraka kuliko mimi. Baadaye kampuni moja ya kufuga samaki ziwani ikamchukua awe afisa wake wa uhusiano, akahamia ofisi yao ya Tororo, akapata kiti kinachozunguka. Sikumlaumu. Mshahara wa redio za mpakani unajulikana, na watoto wanataka kula.

Basi asubuhi moja ikaingia klipu kutoka kwake, imesafishwa, tayari kwa taarifa ya saa moja. Juu yake aliandika kwamba wanawake wa Majanji wanaupokea mradi kwa mikono miwili. Nikaifungua huku nikinywa chai. Sauti ya mwanamke ikasema, "Mimi nashukuru kampuni. Imeleta sisi tenki ya maji, watoto hapana tena kuchota ziwani. Imekaribisha sisi vizuri. Nashukuru sana." Kisha kimya.

Nikaweka kikombe chini. Ile ilikuwa sauti ya shangazi yangu.

Shangazi, dada wa baba, ameishi Majanji tangu aolewe. Ni mwalo, bandari ndogo ya wavuvi, upande wa Uganda, na yeye anauza mukene, wale dagaa ambao ng'ambo ya pili, Kenya, wanaitwa omena. Pale mwaloni kuna uwanda wa mawe bapa unaopigwa na upepo wa ziwa, na wanawake huanika hapo tangu enzi za mama zao. Mukene waliokauka juu ya mawe ni safi, wananunuliwa kuliwa na watu. Wakianikwa mchangani wanashika mchanga, na hapo hakuna atakayewataka isipokuwa wenye chakula cha kuku. Uwanda huo ndio kampuni ilioutaka kujenga ghala lake. Shangazi amewasomesha watoto wake juu ya mawe hayo, na sasa anasomesha wajukuu.

Nikajua mara moja kuwa klipu ile haikuwa nzima. Sisi watu wa huku hatulalamiki kavukavu. Mtu akija kukuambia kwamba ng'ombe wako wamemaliza mahindi yake, ataanza kwa kukushukuru ulivyokuja kwenye msiba wao, atauliza hali ya watoto, atasifu paa lako jipya. Wewe kaa utulie. Ile "lakini" iko njiani inakuja, na huwa inakuja na ng'ombe. Shangazi anashukuru hata akiwa amekasirika. Nikiwa mdogo, nilikuwa nikisikia ameanza kunishukuru naangalia mlango uko wapi.

Mwenzangu ni mtoto wa Tororo. Aliyajua yote haya kuliko mimi. Alikata kwenye pumzi iliyo kabla ya lakini.

Nikasema klipu ile isitumike kwanza, nikapanda gari kwenda Tororo. Nilimkuta ofisini, shati limepigwa pasi, macho mekundu.

"Karibu, mzee wa habari. Chai au soda?"

"Nimekuja kuchukua iliyobaki."

"Iliyobaki ya nini?"

"Ya yule mama wa Majanji. Ni shangazi yangu."

Akazungusha kiti upande wa dirisha, akakirudisha.

"Ndugu yangu, hiyo sikujua. Nisamehe. Lakini niambie, kuna neno nimeongeza?"

"Hukuongeza."

"Si ni yeye mwenyewe anaongea?"

"Ni yeye. Iliyobaki iko wapi?"

"Nimefuta. Malalamiko si kazi yangu, ni kazi yako. Wewe ndiye mwandishi. Nenda kayatafute."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na ubaya ni kwamba alisema kweli. Nilikuwa na muda gani sijafika Majanji mwenyewe? Nilikuwa nangoja niletewe, akaniletea. Tulikunywa soda tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikaondoka.

Nikachukua boda, tukapita Masafu hadi ziwani. Shangazi alikuwa akigeuza mukene kwa ufagio. Nilimweleza jambo lenyewe, akacheka kidogo, akafuta mikono kwenye leso. Nikamwambia, "Shangazi, safari hii anza moja kwa moja na mahali pa kuanika."

"Nianze namna gani bila kushukuru? Mimi si mtu ya porini, baba."

"Redio haina nafasi kubwa."

"Basi nashukuru mbiombio."

Hakushukuru mbiombio. Alishukuru kampuni, akashukuru mwenyekiti wa mwalo, akashukuru redio, akanishukuru mimi kwa kukumbuka njia ya kwake, na hapo nikaona haya. Ndipo akavuta pumzi. "Lakini mahali ya kuanika mukene nyinyi nachukua. Sisi tutaanika wapi? Juu ya kichwa? Tenki nashukuru, lakini mtu hapana kunywa maji tu."

Nilirudi Busia nikiwa nimebeba kitu ambacho sikuletewa na mtu. Nilikuwa nimesahau raha yake. Nikamwekea mhariri sauti yote. Akasikiliza amefumba macho, akasema, "Shukrani si habari." Akaweka kidole kwenye pumzi ileile, akakata. Tofauti yake na mwenzangu wa Tororo ni kwamba yeye alitupa upande wa kushoto akabakiza wa kulia. Nilimwambia yule mama hatapenda. Akaniambia nafasi ni fupi, na kwamba hicho kilichobaki ndicho kilichonipeleka Majanji.

Asubuhi ikatangazwa: nyinyi nachukua, tutaanika wapi, juu ya kichwa? Ilisisimua. Simu za wasikilizaji zilimiminika kutoka Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, watu wakicheka na kuunga mkono. Mwenzangu hakupiga. Nilitembea siku ile kifua mbele, nikajiona mwandishi tena.

Habari za Majanji zilinifikia Jumapili, kupitia shangazi mwenyewe. Alikuja Busia kununua chumvi, akapita kwangu, akakataa kukaa. Kule mwaloni walikuwa wamemsikia anaanza kwa kufoka, bila salamu, bila asante, mbele ya dunia nzima. Mke wa mwenyekiti akasema huyu mama amepewa maji na bado anatukana. Wanawake wenzake, ambao walikuwa wamemchagua awasemee mbele ya kampuni, walianza kumpita kando. Kanisani hakuna aliyesogea kumpisha kwenye benchi.

"Shangazi, mimi niliwapa sauti yote."

"Najua, baba. Yule rafiki yako alichukua kichwa, nyinyi nachukua mkia. Samaki mwenyewe nani amekula?"

Alisema nimsalimie mke wangu, akaenda zake na chumvi yake. Iliniuma, na ninaposema iliniuma simaanishi kidogo. Kesho yake nilimwomba mhariri tuitangaze sauti nzima. Akaniuliza ni gazeti gani linachapa habari ya juzi. Nikaona hata hasira zangu zimechoka.

Kisha kampuni ikaita mkutano wa wananchi palepale mwaloni. Mwenzangu ndiye aliyepanga kila kitu: mahema, viti vya plastiki, soda, fulana zenye nembo, na gari la kutuchukua sisi waandishi kutoka Busia na Tororo. Tulipanda sote. Nani angeenda kwa nauli yake? Aliponiona alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia shangazi amewekwa kwenye ratiba, ataongea kwa niaba ya akina mama, aseme lolote analotaka, hatakatwa. Alimaanisha. Nilimwamini, na hadi leo namwamini. Nguzo za ua wa ghala zilikuwa zimerundikwa nyuma ya mahema, juu ya lori.

Mwenyekiti wa mwalo akamwita. Shangazi akasimama. Alikuwa amevaa gomesi, gauni lake refu la harusi za watu, mkanda umefungwa vizuri. Wanawake waliokaa karibu naye waliangalia miguu yao. Sisi waandishi tukasogea na simu zetu, na mwenzangu akasogea na yake, bega lake likagusana na langu kama zamani tulipokuwa tunagombea nafasi mbele ya waziri. Nilikuwa nikimwombea moyoni: sema, shangazi, leo sema yote, tuko hapa, upepo umetulia.

"Mimi nashukuru," akasema.

Akatuangalia, simu moja baada ya nyingine, zote zimenyooshwa kwake. Kisha akakusanya gomesi yake, akakaa.

Mwenyekiti akauliza, "Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza."

Hakuna mwanamke mwingine aliyenyoosha mkono. Mwenyekiti akangoja kidogo kwa ajili ya heshima, akatangaza kwamba akina mama wa Majanji wameridhia. Watu wakapiga makofi. Vijana wa lori wakaanza kushusha nguzo hata kabla soda hazijaisha, na wanawake wakaenda kuzoa juu ya mawe mukene wao ambao walikuwa hawajakauka.

Mwenzangu alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeipata. Nikamwambia nimeipata. Asubuhi yake tuliitangaza sisi, na yeye akaituma kwa redio nyingine zote. Safari hii hakuna aliyekata hata neno moja.