Rudi Ukawasomee

Iko siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na nitakusimulia kwa kuwa umeniambia unataka kusafiri na kuandika riwaya kama mimi. Sogea karibu. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Nilikuwa mke kijana hapa Mbeya, Mhehe wa Iringa niliyeolewa na Mnyakyusa. Kila nilipopata nafasi nilipanda basi. Mara nimeshuka Nyololo, mara niko Ruaha Mbuyuni nakaa na wakulima wa vitunguu, kisha narudi kuandika. Ndugu wa mume wangu wakachoka nami. Wakaitisha kikao: niache safari, au nirudishwe kwetu.

Sasa, kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkwe wa kike hakuonana uso kwa uso na baba mkwe. Nikaketi jikoni, wao sebuleni, mlango umerudishwa. Nikamsikia mzee akimwambia mume wangu, "Mwambie asome hicho anachokifuata huko."

Nikasoma kwa sauti. Ilikuwa habari ya Mama Faraja wa Ruaha Mbuyuni, aliyekuwa akinilaza kwake, na bintiye Faraja, aliyecheka mpaka akaangusha tenga la nyanya. Nilipomaliza nikazikunja karatasi zangu. Nikajua narudishwa.

"Na wenyewe wameshaisikia?" mzee akauliza.

Mume wangu akaja mlangoni. Nikatikisa kichwa.

"Basi asizuiwe," mzee akasema. "Ila awarudie kwanza, akawasomee. Hayo ni maisha yao."

Nikaenda. Mama Faraja akanipokea kwa salamu yetu ya Kihehe, "Kamwene," lakini sauti haikuwa ile niliyoizoea. Malaria ilikuwa imemchukua Faraja masika yale. Nikataka kuzificha karatasi zangu, ila alikwisha kuziona.

"Umetuandika? Soma."

Nikasoma, huku natamani ardhi inimeze. Nilipofika pale kwenye nyanya akanishika mkono.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia. Akatoka nje akawaita majirani: "Njooni mumsikie Faraja anavyocheka!" Wakaja wakajaa uani, na mimi nikasoma mpaka koo likakauka. Mama alilia, akacheka, akaniambia nirudie tena.

Tangu hapo kila safari yangu ikawa safari mbili, ya kwenda kusikiliza na ya kurudi kusoma. Inachosha, sikufichi. Leo magoti yamegoma kupanda basi, na nikifika soko la Mwanjelwa tu kununua mboga, nalala mchana kutwa. Wapo niliowafuata na karatasi zangu nikakuta wameshazikwa. Hao ndio wanaonichosha kuliko barabara yote ya kwenda Iringa. Lakini ukiniuliza kama ningechagua maisha mengine, sijui hata ningeanzia wapi.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Usiogope watakaosema unazurura. Kaa na watu, kula wanachokula, sikiliza kuliko unavyouliza. Ukishaandika, usikimbilie sifa za mjini. Warudie wenyewe kwanza, uwasomee wangali hai. Na usingoje upate nafasi, maana wao hawakungoji.

Mungu akutangulie njiani. Akujalie wenyeji wema, akutunzie macho na magoti, na kila utakaporudi, ukute aliyekupa habari zake yupo, akufungulie mlango, akuambie, "Soma."