Baba Mkwe wa Mchezoni

Leo Nyaboke amekataa kumpa Momanyi mkono, nikajua kikundi chetu kimevunjika.

Sisi hukutana Keroka kila Jumapili, nyuma ya duka la fundi wa nguo, kucheza mchezo wa kuigiza. Mimi nasimulia hadithi, wao wanakuwa watu wengine ndani yake.

Nikagusa kadi nyekundu. Kwetu hiyo maana yake mchezo unasimama na mtu anasema kinachomsumbua.

"Momanyi amekukosea?"

Nyaboke akaangalia chini. "Hapana. Si wiki jana niliolewa na kijana wake?"

Kweli. Mchezoni, kwenye ufalme wa ukungu.

Na kwetu Wakisii, mke wa kijana wako humpi mkono. Hiyo heshima tunaiita chinsoni.

Nikacheka. Wao hawakucheka.

Basi tukacheza hivyo, kila mmoja mwisho wake wa benchi, na ukungu wa kweli ukishuka polepole kwenye mashamba ya chai.

Tulipomaliza, mvua ikaanza. Momanyi akanipa mimi mwavuli wake, macho kando.

"Mpe mkamwana."

Akaenda zake akilowa.

Sasa mniambie, huu mchezo uliisha saa ngapi?