Nilimfukuza Mama Mkwe kwa Sababu ya Ofeni

Jameni, kosa ni langu. Si la stima, si la unga, na wala si la mama mkwe wangu, ingawa ndiye niliyemfukuza. Nimelibeba hili tangu miaka ya themanini. Leo wacha nilitoe!

Tulikuwa tunaishi Kitale. Familia moja ya Kihindi ilikuwa inahama, mume wangu akanunua jiko lao la stima lenye ofeni. Bana, nilijiona! Nikaanza kuoka keki za harusi, watu wakanisifu mpaka kichwa kikavimba.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Naitiri kututembelea. Wiki hiyo hiyo keki zikaanza kuungua. Nje makaa, ndani uji! Nikabadilisha unga. Nikabadilisha siagi. Nikashusha swichi ya joto hadi mia na hamsini, bado moshi. Nikaanza kumtupia mama jicho, maana kila asubuhi alikaa hapo karibu na ofeni akichambua mboga.

Ijumaa, keki ya binti wa pasta ikatoka nyeusi tii. Na harusi ni kesho! Mdomo ukanitoroka.

"Mama, tangu uje hii ofeni haina amani. Si ni wewe unazungusha hizi swichi?"

"Mimi?"

"Basi ni nani?"

Alikunja leso zake mbili, akamuaga mjukuu wake, akaenda. Mume wangu aliporudi kutoka kazini, nikamwambia ati mama amekumbuka mahindi yake shambani, akarudi Naitiri. Uongo mtupu!

Jioni hiyo hiyo nikamwita mzee mmoja Kalasinga, fundi wa majiko ya stima mjini. Akaweka kipimajoto ndani ya ofeni. Swichi inasema mia na hamsini, kipimajoto kinasoma karibu mia tatu! Akavuta jiko, akamulika tochi nyuma yake, akacheka mpaka machozi.

"Mama, nani ametoa hii?"

Kilikuwa kijiti cha shaba, chembamba kama kalamu, kinaning'inia nje.

"Hii ndio inasikia joto. Ikikaa huku nje kwa baridi, ofeni inafikiri haijapata moto. Inachoma tu, inachoma tu!"

Kumbe ni mimi! Siku mama alipofika, nilisugua ile ofeni mbele yake ili aione iking'aa. Kile kijiti kikanisumbua, nikakichomoa, nikaona hakina kazi, nikakisukuma kwenye tundu la nyuma.

Fundi alikirudisha kwa dakika tano. Usiku huo nikaoka keki nyingine ya binti wa pasta, ikaiva vizuri, na harusini watu wakaisifu. Mimi kipande changu nikampa mtoto.

Jumapili nikaenda Naitiri. Nikapiga magoti mlangoni, nikasema yote.

"Nilikuona ukikichomoa," mama akasema.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuambia, mwanangu. Ukanijibu ati watu wa kuni hawajui mambo ya stima."

Uwii! Na kweli nilisema. Nilikuwa nimesahau kabisa! Hapo ndipo nililia, naye akaanza kucheka, akacheka hata akashika ukuta. Nikarudi Kitale na kuku wa zawadi ambaye sikustahili hata unyoya wake.

Dada yangu unayesoma, kitu kikikuharibikia nyumbani, jiulize kwanza mkono wako ulipita wapi. Na mama mkwe akikuambia neno, we nyamaza usikie!