Kiini Nilichokijenga Ijumaa

Tajiri wetu alikuwa na desturi moja: kila Ijumaa, kabla ya saa sita na nusu, anazima umeme wa ofisi nzima kwa mkono wake, anatutoa sote nje, anafunga, ndipo anakwenda msikitini. Uwe unaandika, uwe unachapisha, shauri yako. Ofisi ilikuwa Changamwe, tukishughulikia hati za makontena ya bandari ya Kipevu, na miaka ile ya tisini mwishoni kompyuta ilikuwa moja tu, fundi wake mimi. Nilikuwa na maringo, wacha niseme kweli. Mfumo wake, ule wa bure unaokuja kwenye CD, niliutia mwenyewe, na kila aliyeingia nilimhadithia, atake asitake.

Ijumaa hiyo tulipata printa mpya. Ili mashine iitambue, ilinibidi nijenge upya kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayoamrisha kila kitu. Anayejenga ni kompaila: huchukua maandishi ya watu, faili baada ya faili, ikayageuza maagizo ya mashine. Kwa kompyuta kongwe kama yetu, saa nne nzima. Tajiri alinijia na funguo mkononi kazi ikiwa nusu. Nikaikatiza.

Niliporudi kutoka msikitini ndipo nikajitia ujuaji. Kwenye CD mlikuwa na kompaila ya toleo jipya zaidi. Nitumie ya zamani kwa nini, na mpya ipo? Nikaiweka, nikaamuru kazi iendelee pale ilipoishia. Jioni mashine ikawaka vizuri, nikaenda zangu nyumbani kifua mbele.

Jumatatu balaa likaanza. Mpiga chapa wetu alikuwa mama mmoja mjane, anayekaa mtaa wa Bofu. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo huniitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha hunisogezea mahamri aliyoyafunga kwenye kitambaa. Siku hiyo aliandika hati yake ndefu ya kurasa nyingi, akaamuru ichapishwe. Kioo kikawa cheusi, kikajaa tarakimu, mashine ikaganda. Tukaizima, tukaiwasha. Akajaribu tena, ikaganda tena.

"Umegusa chochote wewe?" tajiri akaniuliza.

"Wallahi sijagusa."

Ilinitoka kabla sijafikiri. Ile kompaila sikuihesabu kuwa ni kugusa. Niliona nimeongeza kizuri. Nikaketi mimi, nikachapisha ukurasa mmoja wa kujaribia. Ukatoka, safi kabisa.

"Haya, umeona?" tajiri akamgeukia mama. "Kwa huyu inakubali, kwako inakufa. Mikono yako ina mkosi." Alicheka, lakini hakuwa akitania. Mizigo ilikuwa bandarini ikingoja hati. Akasema ikifika Jumatano adhuhuri mashine bado inamfia mikononi, akatafute kazi kwengine. Masikini mama wa watu, akawa anasoma Bismillahi kila anapotaka kugusa kibonyezo.

Jumanne baada ya sala ya adhuhuri nilitazama saa za zile faili za kiini, ilipotengenezwa kila moja. Lo! Nusu zilikuwa za Ijumaa asubuhi, nusu za Ijumaa alasiri. Nusu kompaila ya zamani, nusu mpya, na kompaila hizo mbili hazikupanga vitu kumbukumbuni kwa namna moja: kipande kimoja kikiweka kitu hapa, chengine kinakwenda kukitafuta pale. Ukurasa mmoja ulipenya. Hati ndefu ilikuwa lazima ianguke, aibonyeze nani aibonyeze.

Mama alikuwa amekwisha kuhamishiwa kiti cha mlangoni, kakatazwa kuisogelea mashine hadi jaribio la kesho, mikono kaiweka mapajani. Ningesema pale pale, yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeapa, na uso ningeupeleka wapi? Nikafyata ulimi. Nikajiambia nitatengeneza kesho, itapona, na hapana atakayejua. Alasiri mama alipoondoka nilimwambia kwaheri, akaitikia kwa kichwa.

Jumatano nilifika mapema, nikafuta vipande vyote, nikarudisha kompaila ya zamani, nikaanza upya. Mistari ikapita kiooni, nami roho juu, nikiomba umeme usikatike. Saa tano na nusu kiini kikakamilika. Nikamwita mama. Alikataa kukaa.

"Bonyeza wewe, mwanangu. Mimi naiharibu."

"Bonyeza, mama. Nakuomba."

Alifumba macho akabonyeza. Printa ikanguruma, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Tajiri akanipiga bega, "Alhamdulillahi, fundi!" kisha akamwambia mama, "Na wewe basi, jifunze kushika mashine kwa adabu."

Hapo sikuweza.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilibadilisha kompaila kazi ikiwa nusu. Kiapo changu kilikuwa cha uongo."

Tajiri alinigeukia. Mama alikuwa akizipanga karatasi zake, akazilinganisha kingo, akaziweka mezani.

"Umejua lini?" mama akaniuliza.

"Jana adhuhuri."

"Jana adhuhuri," akasema. "Na mimi jana magharibi nimewakalisha wanangu, nikawaambia ni kweli, mama yenu ana mkosi, msile kwa mkono wangu."