Miguu Yangu Chini ya Gari Jekundu

Siku ya kwanza nilipewa karai la petroli na brashi ya waya, nikaambiwa nioshe vyuma mpaka nione sura yangu. Sura sikuiona. Niliona vidole vyangu vimekuwa vyeupe kama vya maiti, na jioni mkono ulinuka hadi ndizi zikagoma kupita kooni. Nilikuwa na mtoto mmoja, Aika, na darasa la nne kichwani. Gereji ilikuwa Moshi mjini, upande wa Mawenzi, ua wa changarawe na banda la mabati.

Mwenye gereji alikuwa Singasinga, mzaliwa wa Moshi hapahapa, Kichagga anakijua kuliko vijana wetu wa leo. Huyo tulimwita Bosi. Chini yake alikuwepo Fundi Mkuu, mtu wa Same, mkali, anatafuta spana huku ameishika mkononi na wewe ndiye unayetukanwa. Lakini ndiye aliyenifundisha kuchomelea. "Usiangalie moto, mama," alisema. "Angalia chuma kinavyolainika. Moto unakudanganya."

Spea miaka ile zilikuwa hadithi tu. Ekzosti, yaani bomba zima la kutolea moshi kutoka kwenye injini hadi nyuma ya gari, likitoboka tulikata kopo la mafuta ya kupikia, tukalizungushia pale, tukachomelea. Silensa, lile tumbo la katikati linalomeza kelele, tulilipasua kama samaki, tukalisafisha, tukalifunga tena. Gari lilitoka likinguruma kidogo, mwenye gari akashukuru Mungu.

Kilichonitoa kwenye karai ni mikono yangu, kwa sababu ni myembamba. Nati ilidondoka nyuma ya injini, wanaume wakachubuka vidole kuitafuta, Fundi Mkuu akapiga kelele: "Mama Aika! Lete huo mkono wa panya hapa!" Nikaingiza mkono, nikaitoa. Tangu hapo nikawa fundi wa ekzosti. Sikupewa cheti wala barua. Nilipewa ovaroli ya mtu aliyeacha kazi, nikakunja miguu yake.

Sasa niwaeleze jambo la nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa aibu yangu. Nimeolewa kule juu mlimani, kwenye kihamba cha baba mkwe wangu, shamba letu la migomba na kahawa. Mkamwana nilivyofundwa mimi hampi baba mkwe mkono. Hasemi naye ovyo, na mkikutana njiani anampisha. Na kubwa kuliko yote, hakai mbele yake amenyoosha miguu. Mzee alidhani ninapika chai gerejini. Kumwambia ukweli ilikuwa kazi ya mume wangu, siyo yangu. Kila nikimuuliza, "Baba Aika, umemwambia?" ananijibu, "Nitamwambia akishapata mbege kidogo." Mzee alikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, nyingi tu. Hakuambiwa. Nami nilijua neno lake moja lingetosha: ningerudi kukata majani ya ng'ombe, na ufundi ungeishia hapo.

Biashara ilipofunguliwa, magari ya Japani yakaanza kuingia, na spea nazo, nyingine za ajabu. Akaja kijana wa mnunuzi mmoja wa kahawa na gari dogo jekundu la milango miwili, la kukimbizana. Kwenye boksi alikuwa na heda. Mafundi tuliisogelea kama bibi harusi. Gari likitoka kiwandani, moshi wa injini unapita kwenye chuma kizito cha kumimina, chembamba ndani, unabanana kama watu mlangoni. Heda ni mabomba manne marefu yaliyopindwa, kila silinda na bomba lake, yanakutana chini kuwa moja. Injini inapumua, gari linaruka.

"Nani ataifunga?" Bosi aliuliza.

"Mkono wa panya," Fundi Mkuu akasema. Sikulala kwa furaha.

Kazi yenyewe ni hii. Gari unalipandisha kwa jeki na kuliweka juu ya stendi za chuma, siyo mawe. Stadi, zile bolti zisizo na kichwa zilizoota kwenye injini, unazilowesha mafuta zilainike kutu, ukilazimisha zinakatika na umekwisha. Unatoa kile chuma cha zamani. Unakwangua uso wa injini, unaweka gasketi mpya, ile karatasi ngumu ya kuziba upenyo. Halafu heda unaipandisha kutoka chini, unaipitisha pembeni ya rodi ya usukani, unaishikilia pale huku mwenzako juu anatafuta pa kuanzia nati. Hapo ukiachia, gasketi inachanika, na gasketi yenyewe ilikuwa hiyo moja.

Hapo ndipo nilipokuwa. Mgongo chini, heda juu ya kifua, mikono miwili imeishika, miguu imetoka nje ya gari hadi magotini. Ovaroli imepanda juu. Viatu vya mume wangu, soksi hakuna.

Nikasikia fimbo kwenye changarawe. Fimbo ya baba mkwe ningeijua hata usingizini.

"Karibu, Meku," Bosi akasema. Meku ni mzee, kwa heshima. "Pikapu imekuwaje?"

"Inakohoa kuliko mimi. Fundi yuko wapi?"

"Yuko chini hapo. Anamaliza."

Fimbo ikaja. Ikasimama miguuni kwangu. Nikaona viatu vyake na pindo la koti. Nami miguu yangu imenyooka mbele yake kama ya mlevi mtaroni.

Akasubiri. Nikajua anachosubiri.

"Singasinga," akasema, "vijana wako hawana shikamoo?"

"Wanazo, Meku, wanazo!" Bosi akacheka. Alikuwa hajui lolote. Fundi Mkuu juu ya injini alikuwa anajua. Kisha akanong'ona kwenye uwazi wa injini: "Usiachie. Mama, nakuomba, usiachie."

Nikinyamaza, nimemdharau mzee. Nikijibu, sauti yangu anaijua. Kuvuta miguu siwezi, maana heda itakuja nayo.

Nikasema, "Shikamoo, baba."

Kijiredio cha mpaka rangi kikaendelea kuimba.

Viatu vikageuka, visigino vikanitazama. "Marahaba," akasema, akiwa amenipa mgongo. Akaondoka na pikapu yake ikikohoa hivyohivyo.

Nilifunga nati zote huku machozi yananiingia masikioni. Zinaanzwa kwa mkono, zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, injini ikichemka na kupoa zinakazwa tena. Gari lilipowaka lilitoa sauti ya simba. Kijana akaita, "Fundi yuko wapi nimpe mkono?" Mimi nilikuwa stoo, nyuma ya matairi.

Nyumbani nilikaa jikoni siku kadhaa nikingoja neno. Mume wangu, mwoga yule, alikimbilia Sanya Juu kuangalia mahindi ambayo hayakumwita. Mwishowe mama mkwe akaja na kitu kimefungwa kwenye gazeti.

"Mzee amesema uvae hizi."

Zilikuwa soksi. Soksi ndefu za wacheza mpira, za kupanda hadi magotini.

"Hajasema kingine, mama?"

"Kingine kipi tena? Vaa."

Mtadhani nilifurahi! Nilitamani ardhi inimeze. Maana yake alikuwa ameviona vifundo vyangu, akavizungumzia na mkewe chumbani, akaenda dukani akavipimia kwa macho. Lakini nilivaa, na kazini nikarudi.

Baadaye nilihamia gereji ya Sanya Juu, Fundi Mkuu alipofungua yake. Mzee akawa analeta pikapu huko. Alikaa kwenye kigoda akitazama barabara, akaongea na mtu mwingine. "Mwambie fundi, inalia nyuma." Nami kutoka chini: "Mwambie mzee, ni kibanio cha silensa." Yule mtu wa katikati hana la kufanya ila kukohoa. Siku moja nilipomaliza, mzee akasikiliza, akasema, "Mwambie fundi, sasa inaongea kwa adabu." Kazi ilikuwa imekwisha, nati zote zimekaza. Nikabaki chini mpaka viatu vyake vilipoondoka.

Nimestaafu kwa sababu ya magoti. Nimefunga ekzosti za malori ya kahawa, za mapadre, za wakubwa, na hakuna mwanaume wa ukanda huu aliyenifundisha kuinama mbele yake. Isipokuwa huyo. Amezikwa hapa kihambani, na mimi ndiye ninayemfagilia kaburi. Wajukuu wananicheka: "Bibi, pita huku kichwani, ni karibu. Amekufa huyo, hakuoni."

Najua hanioni. Nazunguka, napita upande wa miguuni.