Jumamosi za Mwalimu Elmina

Mwalimu Elmina Ogeto alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona mtoto mwenye kipaji akamwacha apite hivi hivi. Walimu wengine, mtoto akimaliza hesabu kabla ya wenzake, humwambia anyamaze asisumbue darasa. Elmina alikuwa akimfuata mpaka kwao. Angeketi kwenye kiti cha watu, anywe chai ya watu, aulize maswali hadi mzazi aanze kushuku kwamba mtoto ameiba kitu. Kumbe anataka tu kujua ni nani aliyemfundisha kutengeneza lori la waya ambalo usukani wake unageuza magurudumu.

Alifundisha katika shule ya msingi iliyo kati ya Mogogosiek na Boito, mahali ambapo ukitoka langoni unakutana na chai, na ukiipita hiyo chai unakutana na chai nyingine. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa kambi, yaani wale ambao wazazi wao huchuma chai ya kampuni na kulala katika nyumba za kampuni. Miaka miwili mizima Elmina aliomba apewe ukumbi wa kambi siku za Jumamosi. Barua zake zilikuwa ndefu, na kusema kweli zilichosha. Mwishowe meneja alimwita, akamkubalia, akampa sharti moja: siku darasa hilo litakapoiletea kampuni taabu yoyote, litafungwa. Elmina alitia sahihi huku akicheka kwa furaha. Taabu gani tena, na ni watoto kumi na wawili na udongo wa kufinyanga?

Basi Jumamosi zikaanza. Hapakuwa na mtihani wala kitabu cha kunakili. Wiki hii watoto wanafinyanga, wiki ijayo wanatunga hadithi inayoanzia mwisho, wiki nyingine wanaambiwa wajenge daraja la mabua ya mahindi linaloweza kubeba tofali. Wazazi walinung'unika. Mtoto anarudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi, na je, hayo matope yatamwongezea alama? Elmina alimjibu kila mmoja, na wengine aliwajibu vibaya, maana hakuwa na subira na watu wazima.

Miongoni mwa hao kumi na wawili alikuwemo Velma wa Gredi ya Tano, msichana mwembamba asiye na maneno mengi. Huyo alikuwa na jicho, haki ya Mungu. Ukimwambia achore kuku, hakuchora kuku wa vitabuni. Alichora kuku wa Mama Arasa, jirani yao, yule kuku aliyewahi kukanyagwa na pikipiki, na ukiutazama mchoro ungejua aliumia mguu upi. Elmina alimwonyesha mwalimu mkuu mchoro ule, akamwonyesha mchungaji, akamwonyesha hata mwenye duka la unga ambaye hakuwa ameuliza. Mama yake Velma, Nyakerario, alikuwa amechuma chai ya kampuni miaka kumi na mmoja. Baba yake Velma aliondoka kitambo na hatuna haja naye hapa. Nyakerario hakuwahi kunung'unikia matope hata siku moja. Jumamosi alimwamsha mtoto mapema kuliko siku za shule.

Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia Elmina, ingawa ni mtu ninayempenda. Kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula, aliwapa watoto kazi: kila mmoja amtafute mtu anayefanya kazi kwa mikono, akae karibu naye, aitazame hiyo mikono mpaka aijue, kisha aichore akiwa peke yake. Kisha akamshika Velma bega. Alimwambia yeye asihangaike kutafuta mtu, aende akaitazame ya mama yake ikichuma.

Elmina alizaliwa Nyamira, kwenye nusu ekari ya chai ya babake. Kwao kila mtoto aliyeweza kutembea alibebeshwa kikapu kidogo, akachuma kabla ya shule na baada ya shule. Kwake yeye, mtoto kusimama kwenye chai na mama yake lilikuwa jambo la kawaida, sawa na kusimama naye jikoni. Miaka sita alikuwa amefundisha ubavuni mwa chai ya kampuni na hakuwahi kuingia ndani yake hata siku moja. Watoto wa kambi wanajua tofauti kabla hawajajua kuandika majina yao. Mtoto haingii kwenye chai ya kampuni. Haingii kusalimia, haingii kupeleka maji. Wanunuzi wa ng'ambo hutuma wakaguzi, na mtoto akionekana kati ya michai, mzazi wake hana kazi. Velma alijua hilo vizuri. Lakini mwalimu alikuwa amesema, na mwalimu huyu hakuwahi kumwambia jambo baya.

Jumanne ya likizo hiyo aliingia kwenye chai akiwa ameficha daftari ndani ya sweta. Nyakerario alipomwona alishtuka, akamwambia aondoke mara moja. Mtoto akaomba dakika tano tu, akaeleza ni kazi ya Mwalimu, anataka kuona namna vidole vinavyoenda. Nyakerario akampa zile dakika tano. Alisema baadaye kwamba alishindwa kumfukuza, kwa sababu tangu aanze kazi ile hakuna mtu aliyewahi kuja kuitazama mikono yake. Velma akatazama, akachora upesi upesi, kisha akanyoosha mkono akachuma chipukizi moja, majani mawili na ncha yake, ili asikie linavyokatika. Hapo ndipo Ombui, nyapara wao, alipotokea na wakaguzi wawili. Ombui ni mtu wa huruma, ila picha ilishapigwa: mama na kikapu mgongoni, mtoto na chai mkononi.

Elmina alipata habari kesho yake asubuhi kutoka kwa watoto wa jirani. Alivaa viatu aende ofisini kwa meneja. Kabla hajafika barabarani, alimkuta Nyakerario langoni pake, bado amevaa gambuti za kazi. Alikuja kumwambia kwamba maelezo yameshaandikwa. Ameandika kwamba mgongo ulikuwa unamuuma, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwita mtoto amsaidie kuchuma.

"Mama Velma, kwa nini umeandika hivyo?" Elmina akauliza. "Si ni mimi niliyemtuma?"

"Najua ni wewe. Ukisema ni wewe, watafunga darasa."

"Wacha wafunge."

"Usiseme hivyo, Mwalimu. Mimi hata ukijitaja watanifukuza, labda. Lakini darasa likifungwa, Velma ataenda wapi? Wewe nyamaza tu. Wakinifukuza, akae kwako mpaka amalize Gredi ya Sita."

Na Elmina akanyamaza. Mtu aliyeandika barua ndefu miaka miwili akiomba ukumbi alikosa hata mistari mitatu ya kumwokoa mwenzake. Alijiambia kwamba anaheshimu neno la mama wa mtoto. Alijiambia kuna watoto wengine kumi na mmoja wa kufikiriwa. Sababu hizo zilikuwa nzuri, sikatai. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba aliogopa kuzipoteza zile Jumamosi, na moyoni akashukuru kwamba mwingine amejitwisha kosa lake. Alijua hivyo, na kujua kukamnyima raha ya chakula.

Kikao cha kampuni kilifanyika Ijumaa, hakikumaliza hata nusu saa. Nyakerario alifutwa kazi. Alipewa siku saba za kutoka kwenye nyumba na siku kumi na nne za kukata rufaa, na hiyo ya rufaa hakuishughulikia, maana angekata kwa maneno gani? Jumatano akafunga godoro na sufuria zake, akaenda kwa kaka yake huko Keroka. Velma akahamia kwa Elmina na mfuko mmoja wa nguo. Mama mtu alimkabidhi kama anayepeleka mtoto bweni, akampa mkono Elmina, akashukuru. Elmina alitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi iliyofuata Velma alikuja ukumbini na wenzake, akaketi mahali pake, akaweka penseli juu ya karatasi, akaiacha hapo hadi saa sita. Wenzake walikuwa wakichora mikono: ya fundi cherehani, ya mwosha magari, ya nyanya anayesuka kikapu. Elmina alipita nyuma yake mara nne na hakuthubutu kumwambia neno. Alimwogopa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kama vile alivyomwogopa meneja.

Jumapili baada ya kanisa walikuwa wameketi mlangoni wakichambua chinsaga ya jioni, ile mboga chungu wanayoipenda watu wa kwao. Elmina alikuwa anaanza kufikiri kwamba mambo yatatulia, mtoto atazoea. Ndipo Velma akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga:

"Mwalimu, ulipomwambia meneja ni wewe ulinituma, alisema nini?"

Elmina aliendelea kuchambua majani matatu, manne. Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena uongo mzuri ambao hakuna mtu angeuchunguza.

"Sikumwambia," akasema.

Velma alichambua mpaka akamaliza kitita kile, akachukua kingine. "Mimi nilidhani ulimwambia, akakataa," akasema. Hakulia wala hakununa. Usiku huo alikula, akaosha vyombo, akalala mapema.

Jumatatu saa mbili Elmina alikuwa ofisini kwa meneja na karatasi yake. Safari hii iliandikwa kwa ufupi. Kwamba kazi ile aliitoa yeye. Kwamba mtoto hakuitwa na mama yake, na hakuwa anachuma chai ya mtu. Kwamba yeye amelelewa kwenye chai ya nyumbani, na hakuuliza sheria ya chai ya kampuni ni ipi kabla ya kumtuma mtoto wa watu. Meneja aliisoma mara mbili. Akamuuliza mbona amekaa siku zote hizo, mpaka mama wa watu ameondoka. Elmina alikuwa ameandaa jibu refu njiani, lakini akaliacha.

"Niliogopa," akasema.

Meneja akaitia karatasi kwenye faili. Alisema daftari la Velma, lililochukuliwa siku ile, lilikuwa limehifadhiwa pamoja na zile picha, lina mikono kurasa tatu, na lilimshangaza tangu mwanzo, kwa sababu mtoto aliyeitwa kusaidia kuchuma haji na penseli. Angepeleka maelezo haya mbele. Kuhusu ukumbi, alisema Mwalimu anajua alichotia sahihi.

Baada ya siku tisa Nyakerario alirudishwa kazini na barua ya onyo la mwisho, akapewa nyumba nyingine, upande wa chini wa kambi. Alikuja kumchukua Velma wakati Elmina yuko shuleni. Ukumbi ulifungwa kufuli jipya. Madaraja ya mabua yalibaki ndani, na watoto kwa wiki kadhaa walikuwa wakienda kuyachungulia dirishani.

Jumamosi ya kwanza ambayo hakuwa na kazi, Elmina alishika kilo mbili za sukari, akateremka kambini. Hakutarajia kushukuriwa, hapana, hakuwa amepotewa na akili kiasi hicho. Alitaka tu kuonana na mama na mtoto. Nyakerario alimpokea kama mgeni wa heshima. Alifuta kiti kwa leso yake, akamwekea chai ya maziwa, akaketi kitandani akamtazama.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, Mwalimu," akasema.

Elmina alijaribu kueleza. Kwamba mtoto aliuliza, na yeye akashindwa kuendelea kunyamaza. Nyakerario alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Kazi ya kuchuma hata kule kwetu ningeipata," akasema. "Mwalimu wa kumwona Velma nitampata wapi? Mimi nilikuwa nimeshakubali. Ungesema siku ile ya kwanza, ama ungenyamaza kabisa."

Elmina alisema darasa halijafa. Kwake nyumbani kuna meza. Anaweza kumfundisha Velma peke yake kila Jumamosi, hata kuanzia leo, na kampuni haina la kusema.

"Hata mimi niliwaza hivyo, nikamuuliza jana," Nyakerario akajibu, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Anasema hataki."

Chai ilikuwa moto bado. Elmina aliinywa yote, kwa kuwa kuiacha ingekuwa matusi. Alikuwa anainuka aage ndipo Velma akaingia na mtungi wa maji kutoka bombani. Aliutua chini, akajifuta viganja kwenye sketi, akamwamkua Mwalimu kwa heshima, vile watoto wanavyomwamkua mwalimu yeyote wa shule. Kisha akaomba njia, akapita kwenda kumsaidia mama yake kuosha kikombe.