Linki Ambayo Dada Hakuibonyeza

Dada yangu hakubonyeza ile linki. Weka hilo kichwani, maana hata polisi walimuuliza mara tatu.

Alikuwa amemkimbia mumewe kwa miezi minne. Mji mwingine, kazi mpya ya kufua mashuka hotelini. Namba ya simu tu ndiyo hakubadilisha, kwa sababu mama kumbukumbu zimeanza kumtoka, na hiyo ndiyo namba pekee aliyobaki nayo kichwani.

Nilimwonya. "Dada, namba usiyoijua ikikutumia kitu, usibonyeze."

"Mdogo wangu, mimi si mtoto bwana."

Mimi ni fundi wa programu. Kampuni yetu ina programu ya kutumiana meseji, na kipande changu ni kidogo tu: meseji ikiingia, kinaisoma herufi kwa herufi. Kikikuta maneno yameshikana, yana nukta katikati na yanaishia kama anwani ya mtandaoni, kinaelewa hiyo ni linki. Kinaipaka bluu.

Bosi akataka zaidi. Linki ikitua, picha ya ukurasa itokee hapo hapo, mtu asiguse kitu.

Mkaguzi wetu wa usalama wa programu, mama mmoja asiye na masihara, akanivuta pembeni.

"Hiyo picha, simu ya mpokeaji inaifuata yenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi mwenye ukurasa ataona simu iko kwenye mtandao wa nani."

"Aah, nani ana muda huo?"

Nikaipitisha. Nikajiona kidume.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, dada akiwa anapiga pasi, meseji ikaingia kwenye programu yetu kutoka namba ngeni. Linki tupu, hata salamu hakuna. Akaifuta, akarudi kwenye pasi yake.

Lakini picha ilishatokea. Simu ilishaifuata kupitia mtandao wa hoteli, na mtandao ule umesajiliwa kwa jina la hoteli. Mwenye ukurasa akalisoma.

Alhamisi shemeji alikuwa amesimama mlango wa nyuma, pale wanapopitishia mashuka machafu.

Jicho la kushoto la dada halitaona tena.

Wodini alinishika mkono. "Sikubonyeza, mdogo wangu. Nilifanya ulivyoniambia. Sasa amenipataje?"

Nikasema sijui.

Najua vizuri sana. Mwaka jana, kabla hatujagundua kwamba anampiga, shemeji alikuja kwangu, akakaa kwenye kochi. Akauliza, "Hivi shemeji, hizi picha zinajitokezaje zenyewe?" Nami kwa kupenda sifa nikamweleza yote, mpaka yale maneno ya mkaguzi. Tukamcheka mama wa watu. Nilichukua hata karatasi, nikamchorea.

Kile kipande cha picha nimeshakiondoa. Nawe kama simu yako inakuruhusu, zizime hizo picha za linki. Na siku ukipata hamu ya kuonyesha unavyojua mambo, tazama kwanza unamweleza nani.

Dada anatoka Jumatatu. Amesema hana pa kwenda zaidi ya kwangu, na kwamba kitanda hataki, atalala kwenye kochi.

Kochi ni lile lile.